Dari Iliyomshinda Timazi

Kitu kikiingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa, hata ukikiita kwa cheo chako. Ndiyo maana wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Yaani, mwenye haja hujishusha. Fundi mwashi mmoja mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, aliijua vizuri methali hiyo, kwa ajili ya watu wengine. Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima, kwa kuwa aliona kila kitu kimepinda isipokuwa yeye.

Mke wa mdogo wake alikuwa mchoraji. Mwaka mzima alikuwa akichora, kwenye ukuta wa chumba cha sala, mandhari ya ndani ya kanisa la Kigothi: matao yaliyochongoka, nguzo nyembamba kama mianzi, na jua likipenya kioo bila kukivunja, ishara ya Bikira Maria aliyezaa akabaki bikira. Siku kamati ilipokuja kukagua, Timazi alisimama mbele ya picha wima kama mlingoti, mikono nyuma.

“Shemeji, nguzo kumi na mbili za nini? Nane zingetosha.”

“Hao ni mitume, shemeji. Ukipunguza, unawafuta kazi.”

“Na dari je? Hii inaporomoka. Kesho ukuta upakwe chokaa.”

Jasho la mwaka mzima lilikuwa linakwenda na maji. Hata hivyo mchoraji alitabasamu.

“Umesimama mahali pasipofaa. Nimeichora kwa jicho la aliyepiga magoti. Hebu shuka.”

“Mimi nipigie magoti rangi?”

“Magoti yawe ya Mungu, macho yawe ya rangi. Ukishuka ukaiona bado inaporomoka, chokaa nitapaka mwenyewe. Au magoti nayo yamestaafu?”

Wanakamati waliangua kicheko. Timazi akavuta suruali, akashuka polepole, magoti yakilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akainua macho. Dari iliyokuwa ikianguka ikapaa; matao yake yakakutana juu mithili ya vidole vya mtu anayesali, na mwanga wa dirishani ukamwagika hadi alipokuwa. Akabaki pale pale, magoti chini.

“Shemeji, umekwama?”

“Niache. Sijamaliza kukagua.”

Aliposhikwa mkono akainuka, hakupangusa hata vumbi la magotini. Aliiambia kamati chokaa ikapakwe chooni, na pale chini litandikwe zulia nene, maana watu watakaa sana. Naam, ukitaka cha mvunguni sharti uiname.