Vibao vya Gia na Asubuhi Moja ya Baragumu

Hapo zamani za karibuni, magari yalipokuwa yamekwisha kujifunza kubadilisha gia yenyewe, palikuwa na kijiji juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo barabara hushuka kona kumi na nne kabla ya kugusa lami. Kijiji hicho hakikuwa na gari. Mgonjwa alishushwa kwa machela, na waliomshusha walifika chini wakihitaji kulazwa kando yake.

Basi wanakijiji wakaazimia kununua gari la wagonjwa, na wakalinunua kwa njia waliyoijua, yaani msaragambo. Baragumu likilia alfajiri, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe moja, na wote hulima shamba la kijiji. Wakalima tangawizi misimu miwili. Hivyo kila kilichokuwamo katika gari lile kilihesabiwa kwa siku za jembe.

Aliyeandika masharti ya ununuzi alikuwa Nakijwa, mjane, mama wa Eliapenda, aliyekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka ishirini na mitatu. Masharti yalikuwa saba. La tatu lilisema kwamba pedi za breki zibadilishwe kabla gari halijapanda mlima, na fungu la kazi hiyo likatengwa mbali na bei ya gari. Aliyetumwa Moshi kununua alikuwa Mzee Senzota, mweka hazina, ambaye hakuwahi kula senti ya mtu, ila muuzaji mwenye maneno matamu alimweza.

Huko Moshi Senzota alikuta magari mawili ya aina moja, ya mwaka mmoja, yote ya kujibadilishia gia. Moja lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa na vibao viwili vidogo nyuma ya usukani, cha kushoto kina alama ya kutoa, cha kulia kina alama ya kujumlisha, na kwa vibao hivyo dereva huweza kushusha au kupandisha gia bila kuondoa mikono kwenye usukani. Kwa ajili ya vibao hivyo muuzaji alitaka nyongeza. Senzota akalichukua fungu la breki, akalipa nyongeza, akarudi na gari likiwa na pedi zake za zamani.

Kijiji kikakutana ghalani. Nakijwa akasimama.

"Shikamoo, Mzee Senzota. Sasa nijibu. Vibao hivi vimetugharimu siku ngapi za jembe?"

"Marahaba. Siku nne."

"Na breki?"

"Breki zinakamata vizuri, Mama Eliapenda. Nimepanda nazo kutoka Moshi."

"Umepanda nazo," akasema Nakijwa. "Nani aliwahi kuua watu kwa kupanda?"

Ghala zima likacheka, na Senzota akaikunja kofia yake mikononi. Akajitetea kwamba mlima wao una kona, kwamba dereva wa kona anahitaji mikono miwili, kwamba gia ikishushwa injini yenyewe hulizuia gari, na kwamba pedi zingebadilishwa baada ya mavuno. Ndipo dereva aliyeteuliwa, Eliamini, aliyeendesha lori la mbao kwa miaka tisa, akaongeza lake. Alisema vibao vile ni hereni za usukani. Yeye ana mguu wa breki, na mguu huo haujamwangusha.

Hapo Nakijwa alikasirika, na hasira yake ilikuwa na mpangilio kama jalada la kesi. Hakuchukia vibao, mtu mwenye pesa zake na avinunue, apendezwe navyo. Alichochukia ni kwamba watu mia moja na kumi waliinama juani kwa ajili ya breki, na mtu mmoja, kwa kusimama nusu saa katika yadi ya magari, akaligeuza jasho lao kuwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mkutano haukuona uzito huo. Uliamua kwamba pedi zisubiri mavuno.

Nakijwa hakusubiri. Alikichukua kitabu cha gari, kilichoandikwa kwa Kiingereza, akaenda nacho nyumbani, akakisoma kwa kamusi na penseli, ukurasa kwa ukurasa, ili siku ya mkutano ujao athibitishe kwamba vibao havifai. Eliamini alikiomba kitabu hicho mara mbili. Mara mbili Nakijwa alikataa: kielelezo, alisema, hakiazimwi kabla ya shauri kusikilizwa. Kitabu kikakaa kwake wiki tano.

Wiki ya sita, asubuhi, mkwewe Nanzia, mwenye mimba ya miezi minane, aliamka miguu imevimba na kichwa kinamgonga. Muuguzi wa zahanati alimpima mara moja tu, akasema ateremshwe hospitali sasa hivi. Nanzia akalazwa kiti cha nyuma. Nakijwa akakaa mbele. Eliamini akaondoka.

Kona ya kwanza, mguu kwenye breki. Kona ya pili, mguu kwenye breki. Kona ya tatu, mguu kwenye breki. Kona ya nne ikaja harufu kama ya kitambaa kinachoungua, na Eliamini akasema ni kawaida. Kona ya sita akakanyaga, na breki ikazama hadi sakafuni kama jiwe katika tope. Kulia ukuta wa mlima, kushoto korongo, na mbele kona nane.

Eliamini alikumbuka vibao. Akavuta cha kushoto. Injini ikanguruma, gari likasita, kisha baada ya sekunde chache likairudisha gia lenyewe na kukimbia tena. Akavuta tena, likairudisha tena. Ndipo Nakijwa akauona akilini ukurasa aliokuwa ameupigia mstari kwa hasira: vibao havishiki gia mpaka mkono wa gia usukumwe pembeni kwanza. Akaunyakua mkono wa gia uliokuwa kati yao, akausukuma.

"Vuta sasa. Cha kushoto. Haitarudi."

Eliamini akavuta, gia ya tatu. Akakata kona ya saba kwa mikono yote miwili. Akavuta, gia ya pili. Kona ya nane. Akavuta, gia ya kwanza, injini ikilia kama mnyama, naye akaliegemeza gari polepole kwenye ukuta wa udongo, likasimama. Watu waliokuwa wakishuka sokoni wakambeba Nanzia sehemu iliyobaki. Alifika hospitali kwa wakati. Siku ya tatu akajifungua msichana, mama na mtoto wakiwa wazima.

Sasa, kijiji hicho kina desturi. Mtu akiokoa kitu cha wote, baragumu hupigwa kwa ajili yake asubuhi moja, na kijiji kizima huenda shambani kwake na majembe. Asubuhi moja, shamba moja. Haigawanywi, kwa kuwa zamani iliwahi kugawanywa, na hadi leo kuna mashamba mawili yenye kazi nusu na koo mbili zisizosalimiana.

Nakijwa aliihitaji asubuhi hiyo kuliko kitu chochote. Kingo za matuta yake zilikuwa zimebomoka, na mfereji ulioyanywesha ulikuwa umefukiwa. Mwanawe Eliapenda alikuwa kazini mbali, Nanzia alikuwa na kichanga, na zilikuwa zimebaki wiki tatu mvua za vuli zianze. Watu mia moja wangelijenga shamba lile kwa siku moja. Yeye peke yake asingemaliza hata tuta la pili, na mvua ingelishusha shamba lote hadi mtoni. Kwa hiyo aliposikia kwamba Senzota ameomba baragumu lipigwe kwa ajili yake mwenyewe, alivaa viatu bila kufunga kamba.

Kikao kilikuwa ghalani palepale, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mrutu, akiwa mbele.

Senzota akatangulia. "Mnanijua. Nilichekwa humu humu, nikakunja kofia yangu. Kama ningewasikiliza wacheshi, gari lingeshuka bila vibao, na leo tungekuwa matangani. Kilichomwokoa mtoto wa watu nilikinunua mimi, nikatukanwa kwa kukinunua. Nipeni asubuhi yangu."

Nakijwa hakungoja kupewa nafasi. "Mzee wangu, umeuza mwavuli baada ya kutoboa paa. Breki zilikufa kwa sababu pesa zake uliuvisha usukani. Hatari uliileta wewe, na dawa yake uliileta wewe. Tangu lini mtu akalipwa kwa kuzima moto aliouwasha?"

"Mimi sikuendesha na mguu juu ya breki," akajibu Senzota, akimtazama Eliamini.

Eliamini akasimama. Alikiri kwamba alizichosha breki kona sita mfululizo. Hakuna aliyewahi kumfundisha gari la aina ile, na alikuwa na mgonjwa wa kuwahisha. Kisha akasema: "Lakini vibao havijivuti. Vingekaa vikaning'inia pale kama hereni mpaka korongoni. Aliyevivuta ni mimi, aliyekata kona ni mimi, aliyeliegemeza gari ukutani bila kumgongesha mgonjwa kichwa ni mimi. Breki mbovu nilikabidhiwa na kikao hiki. Na kitabu nilikiomba mara mbili."

Hilo la mwisho lilimchoma Nakijwa, maana lilikuwa kweli.

Nakijwa akasema kwa sauti ya chini zaidi, na waliomjua walitambua kwamba hapo ndipo alipokuwa na hasira kweli. Alisema yeye peke yake alidai breki, kwa maandishi, kabla gari halijanunuliwa. Yeye peke yake alisoma. Kibao kilivutwa mara mbili bila yeye na hakikufaa kitu. Kilifaa baada ya yeye kuusukuma mkono wa gia. "Mmoja alinunua asichokijua, mwingine akavuta asichokielewa. Mimi nilijua. Kama kujua hakuna malipo katika kijiji hiki, semeni, nikawashe jiko kwa kitabu hicho."

"Ulijua ukanyamaza," akasema Senzota. "Wiki tano. Ulikuwa ukitafuta namna ya kunishinda, Mama Eliapenda, si namna ya kutuokoa. Na kama kikao kingekutii, vibao vingerudishwa Moshi, na mkono wako wa gia usingekuwa na cha kushika."

Akaitwa fundi aliyepanda kutoka Mwanga kulitengeneza gari, aeleze kama vibao vilistahili nyongeza. Fundi akajifuta mikono, akasema kwamba lile gari la kawaida nalo lina mkono wa gia unaosukumwa pembeni, na mkono huo huo ukivutwa nyuma hushusha gia vilevile. Kazi ni moja. Tofauti ni mahali dereva anapoweka mkono wake.

"Basi nyongeza ilikuwa bure," akasema Nakijwa.

"Bure vipi?" akauliza Eliamini. "Kona ya saba mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na bado ilikuwa michache. Ningeutoa upi nikashike mkono wa gia?"

"Wangu ulikuwa tayari juu yake. Ningevuta mimi."

"Ungejua saa ya kuvuta? Umewahi kuendesha hata trekta, mama?"

Nakijwa hakuwa amewahi kuendesha kitu chochote. Akalisema hilo, wazi, kama alivyowataka mashahidi waseme kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwishoni Bwana Mrutu akamuuliza Nanzia, aliyekaa nyuma akinyonyesha, ni nani aliyemwokoa. Nanzia akasema yeye alikuwa amefumba macho. Alisikia injini ikilia, mama mkwe wake akiamuru, na Eliamini akimtaja Senzota kwa jina ambalo hawezi kulirudia mbele ya wakubwa. Watu wakacheka, hata Senzota. Nakijwa hakucheka. Kupitia dirisha la ghala aliliona shamba lake ng'ambo ya bonde, na udongo mwekundu ulioanza kumeguka pembeni.

Bwana Mrutu akatoka nje akiwa na baragumu mkononi. Kijiji kizima kikamfuata na majembe begani, kikasimama katika njia panda: njia ya kulia huenda kwa Senzota, aliyenunua kilichookoa kwa pesa ya kilichokosekana, njia ya kushoto huenda kwa Eliamini, aliyeokoa kwa mikono alichokiponza kwa mguu, na njia iliyonyooka huvuka bonde kwenda kwa Nakijwa, aliyeonya, akasoma, akajua, akakifungia kitabu ndani.

Akalipeleka baragumu mdomoni, kisha akalishusha, akawageukia watu. Nami nawageukia ninyi, na msinijibu kwa huruma, nijibuni kwa haki: je, majembe yale yaelekee wapi?