Mtoto Asiye na Jina na Thina Iliyotambaa

Sogeeni karibu, wanangu, tuwe na utulivu kidogo. Kuna mtoto wa kike hana jina, na kesho anatimiza siku saba. Mimi nimeshindwa kumchagulia. Huenda ninyi mkaweza.

Baba yake ni Shebe, fundi wa vitanda, naye ana dada watatu. Mashavu amejaliwa pua: akiwa mlangoni kwake hukwambia nyumba ya tatu wameunguza wali. Chausiku amejaliwa macho: huuona upepo kabla jani halijatikisika. Ruzuna amejaliwa mikono: hupita katikati ya mbuzi akibeba bakuli la maziwa lililojaa pomoni, na tone halimwagiki.

Alasiri moja ya kiangazi, mtoto akiwa bado tumboni, Shebe alikuwa akimpakia kitanda chake vanishi. Vanishi ilikuwa nzito, akailegeza kwa thina, ile dawa nyepesi ya mafundi yenye harufu kali. Barabarani vumbi lilikuwa jingi, na fundi wa vanishi huogopa vumbi kuliko mchwa. Basi Shebe akafunga madirisha yote ya karakana na kuziba kila upenyo wa upande wa barabarani kwa matambara. Kopo la thina akaliacha wazi miguuni pake.

Thina ikiachwa wazi, wanangu, huondoka kidogo kidogo na kuingia hewani. Lakini haipandi kama moshi. Mvuke wake ni mzito, hushuka sakafuni na kutambaa kama ukungu unaoteremka bondeni, ila huu hamuuoni.

Shebe akajihisi mwepesi. Kitanda kikaanza kuelea mbele yake, na ndani yake akamwona mtoto akicheka. "Ngoja nipumzike kidogo," akasema. Akakaa, akalala.

Nyuma ya ukuta, chumbani, mkewe Mwatima naye alikuwa amelala, tumbo likipanda na kushuka. Kabla ya kulala alikuwa ameanza kufukiza nguo za mtoto. Alizitandaza juu ya tenga, na chini yake, sakafuni, kilikuwa chetezo chenye makaa mekundu na udi. Moshi wa udi ulikwenda juu polepole. Mvuke wa thina ulipenya chini ya mlango wa karakana, ukaja chini kwa chini, bila sauti.

Uani, mawifi watatu walikuwa wanachambua mchele. Mashavu akaweka ungo chini.

"Ndani ya udi huo kuna thina."

"Na pua yako hiyo!" Chausiku akacheka. "Juzi ulisema chai yangu inanuka jirani."

"Na kikombe kilikuwa cha jirani! Thina nakwambia, iko chumbani kwa wifi."

Wakaingia. Mashavu akaukimbilia mlango wa karakana aufungue, hewa ipite, mkono mwingine ukienda kwenye swichi ya taa. Chausiku akamdaka khanga.

"Simama! Tazama sakafu."

Mwanga wa jua uliolala sakafuni ulikuwa unatetemeka, kimo cha kifundo cha mguu, kama barabara inavyotetemeka mchana. Wenzake hawakuona kitu. Chausiku aliona njia yote.

"Imebaki shubiri moja ifike kwenye makaa," akanong'ona. "Ukifungua huo mlango, yote inamwagika humu. Ikishika moto, moto utairudia njia hiyo hiyo mpaka kwenye kopo. Na mkono wako uondoe kwenye swichi, cheche ndogo tu inatosha."

"Basi nimwagie makaa maji?" akauliza Mashavu.

"Yatarusha cheche. Yatoke kwanza."

Ruzuna akavua ndara, akaenda polepole asiikoroge hewa. Akaondoa tenga, akashika chetezo kwa ncha za khanga, akakiinua mpaka juu ya kichwa. Akatoka nacho hivyo, na hakuna cheche iliyoanguka. Mbali kabisa uani akayafukia makaa kwenye mchanga.

Ndipo wakafungua milango na madirisha yote. Mashavu na Chausiku wakamburuta kaka yao nje, Ruzuna akafunika kopo. Mwatima akaamka na kuuliza, "Nani kaiba udi wangu?"

Shebe alifumbua macho kichwa kikimgonga. "Madirisha... vumbi litashika vanishi."

"Vuta pumzi kwanza, kaka!" Mashavu akamfokea.

Tangu hapo Shebe hupaka vanishi kwenye banda lisilo na kuta, mbali na jiko, na kopo hufunikwa kila anapochota. Kitanda cha mtoto kimeshika chembe za vumbi. Shebe anazipenda.

Mtoto alizaliwa salama. Sasa kwao kuna desturi: aliyemwokoa mama mjamzito humpa mtoto jina lake. Huyo ndiye wajina wake, humvisha nguo ya kwanza, na nyumba yake huwa nyumba ya pili ya mtoto. Na jina ni moja tu.

"Bila pua yangu mngekuwa bado mnachambua mchele," alisema Mashavu.

"Bila macho yangu, pua yako ingetulipua," alijibu Chausiku. "Si ulikuwa umeshaushika mlango?"

"Ninyi mlisema," alisema Ruzuna taratibu. "Mimi niliyabeba makaa."

Na hakuna aliyesema uongo.

"Mawifi zangu," akasema Mwatima, "nimembeba miezi tisa, na jina langu halijatajwa hata na mmoja." Wakacheka, lakini kila mmoja alikuwa anamtazama mtoto.

Kesho asubuhi Shebe atamwinamia binti yake na kumnong'oneza jina sikioni. Leo anatembea uani, anawatazama dada zake mmoja mmoja, na bado hajajua.

Wewe pale, ungekuwa Shebe, ungenong'ona jina la nani?