Bata Mzinga na Sufuria ya Kwaya

"Asiyepima sufuria hulisha mtaa." Mmeisikia leo kwa mama yenu, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Mtaani kwetu aliishi Mhina, seremala kijana, mwenye majivuno. Alipomwoa Anzela, mama mkwe alisema binti yake angekula Krismasi kwao kila mwaka, mpaka Mhina aweze kuandaa karamu nyumbani kwake. Mhina akaapa kwamba mwaka huohuo mkwe angekuja kwake, akute mezani bata mzinga mzima, si vipande, aliyepikwa kwa mkono wake.

Akamnenepesha bata kwa pumba miezi sita. Asubuhi ya Krismasi akamchinja, akamnyonyoa, akamtia katika sufuria yao ya harusi. Nusu ya bata ikabaki nje. Mtu yule hakukata ubao bila kutoa futi mfukoni, lakini sufuria hakuipima. Anzela akamsihi amkate. Akakataa, ameshaapa.

Akaazima sufuria kwa Mama Ndekwa, kifua hakikuingia. Akaazima kwa mzee Shekalage, mapaja yakagoma. Mwisho akaazima sufuria kubwa ya kwaya ya kanisa, na humo bata akakaa kama bwana harusi.

Mchana mama mkwe akamkuta bata mezani, mzima, mwekundu, ananukia tangawizi. Kabla hajanawa, mlangoni wakatokea Mama Ndekwa, mzee Shekalage na wanakwaya kumi na wanane, kila mtu na sahani yake. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu, nao waliona heri waifuate haki yao ingali moto.

"Mama," Mhina akasema, amefura kwa hasira, "nilikuahidi bata mzima."

"Nimemwona mzima. Sasa mkate, baba, watu wana njaa."

Akamkata. Mimi nilikuwa sauti ya pili katika kwaya ile. Nilipata ncha ya bawa. Mama mkwe alingoja wote wapakuliwe, ikamfikia shingo. Akaitafuna polepole, sote tukimtazama, kisha akalamba vidole.

"Anzela atakula Krismasi hapa," akasema. "Nyumba isiyobishiwa hodi ndiyo ningeiogopa. Lakini, seremala, leo futi yako ulimwazima nani?"

Mhina akachungulia sufuria ya kwaya. Humo mlibaki mchuzi wa kulamba kwa kidole. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamjibu:

"Mama, asiyepima sufuria hulisha mtaa."