Saa ya Upande wa Edina

Hapo zamani, na si zamani sana kwa kuwa umeme ulikuwa umekwisha kufika kwenye vilima vya Njombe, saa ya redio ilianza kusema alfajiri, na mwanamke aitwaye Edina akamvuta mumewe kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho ya kawaida katika nyumba ile.

Mume aliitwa Lutengano. Alikuwa amesoma chuo kikuu na kufundisha fizikia mpaka akastaafu, na kitu kimoja tu kilimshinda: kuamka. Edina ndiye aliyemwamsha. Saa ya redio ilikaa upande wa Edina, juu ya kimeza cha mbao, na aliitegesha ianze kusema wakati wa matangazo ya vifo. Watu walimshangaa.

"Mama Lusungu, unaanzaje siku na maiti?"

"Nataka kujua leo nakwenda kupika kwa nani," alijibu.

Asubuhi hiyo redio ilitaja msiba katika kijiji cha pili. Edina alikamua ng'ombe wake, Sifa, akachemsha chai, akafunga kanga kiunoni. Mdogo wake, Tabitha, alikuwa amekuja ili waende pamoja. Jirani yao, Nyagawa, alikuwa amepita kurudisha kamba aliyoazima, na kwa kuwa chai ilikuwa imeiva, hakuona haraka ya kuondoka. Wakakaa wote wanne jikoni, karibu na moto. Lutengano alikuwa bado anapiga miayo.

"Mtazameni," Edina alisema. "Kumwamsha huyu ni kazi ya mshahara. Haki ya Mungu, siku nisipokuwapo, atakayeweza kumtoa kitandani apewe mtamba wangu."

Mtamba huyo alikuwa binti wa Sifa, mwenye mimba yake ya kwanza, na hapakuwa na kitu Edina alichokipenda zaidi katika zizi lile.

"Mtamba mwenye mimba?" Nyagawa akaweka kikombe chini. "Basi mimi nitaleta matarumbeta yote ya kanisani."

"Leta na ngoma," Edina akasema. "Atageuka upande wa pili."

Wakacheka. Lutengano naye alicheka. Kisha Edina akachukua kisu chake cha kumenyea viazi, akaondoka na mdogo wake, na huko msibani, akiwa amesimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi, akaanguka. Daktari alisema ni moyo.

Sasa sikilizeni kosa lililotendeka, ambalo kila mtu alilitenda na hakuna aliyelikusudia. Ndugu wa Edina walikuwa wengi, tena wengine walikuwa Songea na wengine Tunduma, kwa hiyo kaka yake alipeleka tangazo redioni. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa ya kitandani ilikuwa bado imetegeshwa. Alfajiri iliyofuata nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, na Lutengano alikuwa amesinzia kidogo chumbani. Saa ikaanza kusema. Mtangazaji alikuwa yuleyule, mwenye sauti nzito, ambaye Edina alipenda kumwiga. Akamtaja Edina kwa majina yake matatu, akataja mume anayemwacha, akataja mahali na saa ya mazishi.

Lutengano aliivuta waya. Saa ikaanguka sakafuni, ikapasuka.

Baada ya matanga kwisha na watu kutawanyika, Lutengano aliacha kuamka. Hakuwa mgonjwa. Usingizi uliomkimbia usiku ulimjia kunapopambazuka, na hakuona sababu ya kuukataa. Alilala pembeni kabisa mwa kitanda, upande wake. Upande wa Edina shuka ilibaki imenyooka, kwa maana hakuugusa hata kwa kiwiko. Jua lilipanda, chai haikuchemka, moto haukuwashwa. Nyagawa aliruka uzio kila alfajiri, akamkamua Sifa, akaacha ndoo mlangoni, akaondoka kimya. Mchana watu waliikuta ndoo ikiwa bado pale, na inzi juu yake.

Binti yao, Lusungu, alikuwa ameolewa Makambako. Alipokuja kumtazama baba yake alimkuta kitandani saa ya watu kula chakula cha mchana.

"Baba, unaumwa wapi?"

"Siumwi, mwanangu."

"Mbona umekonda hivi?"

"Nitaamka. Ngoja kidogo."

Lusungu akangoja, na baba yake hakuamka. Akatazama kile kimeza. Mahali ilipokuwa saa ya mama yake palikuwa na alama, mraba uliong'aa kuliko mbao nyingine, maana hapo vumbi na jua havikuwahi kufika. Akachukua gazeti, akalikata kwa mkasi likalingana na ile alama, akalikunja mfukoni, akashuka mjini.

Duka la kwanza, muuzaji alimletea redio yenye taa za rangi.

"Hii, dada, inaamsha mtaa mzima."

Lusungu akafunua karatasi yake, akaiweka chini ya redio. Redio ikaizidi pande zote.

"Sina haja na mtaa. Nina mtu mmoja."

"Lakini hii ina besi!"

"Baba yangu ana miaka sabini. Besi atapeleka wapi?"

Duka la pili aliletewa saa ndogo, nzuri, inayotoshea kiganjani. Karatasi iliikubali. Lakini ilipowashwa, namba zake ziliwaka nyekundu kali, na muuzaji alipozima taa ili amwonyeshe, duka zima likawa jekundu.

"Kwa mwangaza huu mtu atalala?"

"Atazoea, mama."

"Mtu asiyelala usiku hazoei taa. Zima."

Duka la tatu alikuta moja iliyosahauliwa nyuma ya pasi. Ilikuwa pana kama kitabu cha nyimbo, wala si nene. Namba zake zilikuwa hafifu, za kijani, zinazosomeka bila kumulika. Ilikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kutafutia stesheni, chenye vijino vya kushikika gizani, na chini yake palikuwa na sehemu ya betri, ili umeme ukikatika isipoteze saa. Lusungu aliitegesha hapohapo dukani, akasimama akaisubiri iite. Ilianza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayebisha hodi huku akijua kwamba aliyemo ndani amechoka, kisha ikapanda polepole.

"Rudia," alisema.

Muuzaji akarudia.

"Tena."

"Dada, unanunua au unalala hapa?"

Akanunua. Karatasi na saa zikalingana. Akarudi, na ili baba yake asihangaike, akakihamisha kimeza na kukiweka upande wa baba. Akategesha saa wakati uleule wa mama, kwenye stesheni ileile. Akaweka betri, akarudi kwa mumewe akiwa na amani.

Alfajiri saa ilibisha hodi. Lutengano alifumbua macho, akanyoosha mkono, akaizima, akalala. Siku iliyofuata hakufumbua hata macho. Mkono wake ulikwisha kujifunza njia.

Ndipo alipokuja Tabitha, shemeji yake. Alipangusa vumbi, akafagia, akaona saa mpya, akaona na ile shuka iliyonyooka upande mmoja. Alisimama pale muda mrefu na ufagio mkononi. Kisha akakibeba kimeza na saa yake, akakirudisha upande wa dada yake, kwenye alama ambazo miguu ya kimeza iliziacha sakafuni.

"Shemeji, unafanya nini?" Lutengano aliuliza kutoka kitandani.

"Nasafisha."

"Hapo siifikii."

"Basi ifuate."

"Tabitha."

"Shemeji, mimi pia nilimpenda. Ifuate."

Alfajiri saa ikabisha hodi. Mkono wa Lutengano ukapapasa upande wake, haukukuta kitu. Saa ikapandisha sauti. Mtangazaji akaanza kutaja majina ya watu. Lutengano akajiinua kwa kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akavuka katikati ya kitanda. Shuka ikakunjamana chini yake. Uso wake ukafika kwenye mto wa Edina. Akaizima saa, na hapo alipofika akabaki. Alikuwa macho, lakini hakuinuka. Kila alfajiri alivuka, akazima, akabaki amelala kwenye ule mto, akitazama namba za kijani zikibadilika, mpaka jua likawa juu.

Nyagawa aliyajua hayo, kwa sababu Tabitha alimweleza uani.

"Yuko macho, lakini haamki," Tabitha alisema.

"Ataamkia nini?" Nyagawa akajibu. "Ng'ombe nimemkamua, maziwa nimeleta mlangoni. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeamka."

Kesho yake hakuruka uzio. Alisimama upande wake wa uzio na ndoo tupu, katika baridi inayofanya nyasi zikatike chini ya viatu. Sifa alilia mara ya kwanza. Nyagawa akashika uzio. Sifa akalia tena, kilio kirefu cha ng'ombe ambaye kiwele kimemjaa. Mke wa Nyagawa akatoka nje.

"Wewe! Humsikii?"

"Namsikia."

"Umekuwa katili tangu lini?"

"Tangu leo. Nyamaza, mama, usinivunje moyo."

Ndani, saa ilikuwa imebisha hodi. Lutengano alivuka, akaizima. Katika ule ukimya alimsikia Sifa. Alingoja asikie ndoo ya Nyagawa, hakuisikia. Sifa akalia tena. Lutengano akakaa. Akateremsha miguu upande wa Edina, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa, na miguu yake ikaingia katika ndala za Edina. Zilikuwa ndogo. Akatoka nazo hivyo hivyo, visigino vikiburuta kwenye umande ulioganda, akaenda zizini. Hakuwa mkamuaji hodari na Sifa alimpiga kwa mkia, lakini alikamua mpaka ndoo ikajaa. Upande wa pili wa uzio Nyagawa aliketi chini kwenye nyasi zenye barafu, akafunika uso.

Tangu siku hiyo Lutengano aliamka. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu katika maneno, hakusahau maneno yaliyosemwa jikoni. Akamwita Lusungu, akamwita Tabitha, akamwita Nyagawa, akawapa chai aliyoichemsha mwenyewe.

"Mama Lusungu aliahidi," alisema. "Nimetolewa kitandani. Mtamba ni wa nani?"

Lusungu akasema, "Baba, bila saa ungekuwa umelala. Sifa angelia, nawe ungemsikia jua limeshapanda, na kiwele kimeshaharibika. Nilizunguka mji na karatasi mfukoni. Nilichagua sauti ambayo haitakutisha. Na mtamba huyu ni wa mama yangu."

Tabitha akasema, "Mwanangu, saa yako nzuri, nami nimeisifu. Lakini uliiweka mahali pa kumbembeleza. Aliizima kama mtu anayefukuza mbu. Mimi nilimvusha. Pale kitandani palikuwa na ukuta, na hakuna aliyeuona isipokuwa mimi. Na mtamba huyu ni wa dada yangu."

Nyagawa akakuna kidevu. "Ninyi mliamsha macho. Mimi niliamsha miguu. Tena ninyi mlimpa vitu, mimi nilimnyima. Kutoa ni rahisi, mama zangu. Simameni siku moja kwenye baridi mmsikilize mnyama mnayemfahamu akilia, na ndoo mnayo mkononi."

"Kwa hiyo unataka tuzo kwa kutofanya kazi?" Tabitha akasema.

"Ndiyo! Na ilinichosha kuliko kazi."

Lusungu akacheka, machozi yakimtoka. "Basi tumpe Sifa. Ndiye aliyelia."

"Huwezi kumtuza mtu mwanawe mwenyewe," Nyagawa akasema.

"Tugawane?" Tabitha akauliza.

"Mtamba hagawanyiki mpaka awe nyama," Lutengano akasema. "Lusungu na Tabitha, laleni hapa. Kesho nitampa mmoja wenu watatu kamba."

Kesho yake asubuhi saa ilibisha hodi. Lutengano alivuka upande wa Edina, lakini safari hii hakuizima. Alilala pale akasikiliza matangazo ya vifo yote mpaka mwisho, jina baada ya jina. Jina moja lilikuwa la mtu wa bondeni, nyumba anayoijua. Akaamka, akakamua, akatenga maziwa ya msiba katika chombo chake, akakiweka pembeni pamoja na kisu cha kumenyea viazi. Kisha akaingia zizini, akamfunga mtamba kamba ileile ambayo Nyagawa aliirudisha siku ile, akamtoa hadi uani. Binti yake alisimama mlangoni. Shemeji yake alisimama jikoni. Jirani yake alisimama kwenye uzio. Mtamba akapuliza mvuke kwenye baridi, na Lutengano, mwenye ndala za mke wake miguuni, akanyoosha mkono wenye kamba.

Jua linapanda, na msibani wanamngoja. Haya, ninyi mliosikia yote tangu mwanzo: je, nani alistahili kuishika kamba ile?