Pimbi Aliyempita Mwalimu Wake Mchangani

— Niwashe nisiwashe?
— Washa!
— Likizima je?
— Tutasukuma!
— Na likienda?
— Tupande sote!

Haya, pandeni. Zamani hizo wanyama walikuwa na magari, tena mabovu, mengine milango imefungwa kwa kamba. Kila mwaka baada ya kuvuna walikuwa na mashindano. Hayakuwa mashindano ya madereva wakubwa. Kila mwenye gari alikuja nalo lilivyo, na gunia moja la viazi vitamu. Wanazunguka kilima, wanavuka mto uliokauka, wanarudi walikoanzia. Wa kwanza kufika anachukua magunia yote.

Na wa kwanza alikuwa Kiboko. Alikuwa na pikapu yenye nguvu na tumbo lisilojua kushiba. Mwaka wa kwanza akachukua yote, akala peke yake. Mwaka wa pili akachukua yote, akala peke yake. Mwaka wa tatu akachukua yote, akala peke yake, na wenzake wakapitisha kiangazi wakitafuna mizizi.

Mwaka wa nne Pimbi akasema naye atashindana. Pimbi mnamjua, mnyama mdogo, hata mkia hana. Huyu alikuwa binti aliyeachiwa kigari na marehemu mjomba wake, na usukani hakuwahi kuushika. Gunia alilopeleka lilikuwa la mwisho nyumbani kwao. Mama yake alimwambia likipotea hilo, watalala njaa mpaka mvua.

Nani atamfundisha? Swala alisema hana nafasi. Ngiri alicheka tu. Aliyekubali ni Kiboko, maana alijua mshindani mmoja zaidi ni gunia moja zaidi. Lakini kufundisha alifundisha kweli. Siku tatu alishinda naye juani. Pimbi alikalia matofali mawili ili aone mbele, akafunga vibao miguuni ili afikie klachi. Gari likaruka tup, likazima. Likaruka tup, likazima. Kiboko hakumcheka hata mara moja. Alirudia yaleyale: klachi taratibu, mafuta taratibu, nalo litakutii.

Asubuhi ya mashindano Pimbi akaitazama pikapu ya mwalimu wake, akalitazama gunia la mama yake juu ya rundo la magunia. Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Mwalimu, mshindi ni wewe, kila mtu anajua. Lakini nimewasikia nyani wakisema magari yakishaondoka watavishukia viazi. Kwa nini usipakie vyako kabisa?"

Kiboko akageuka kulitazama rundo. Lile neno "vyako" lilimkaa vizuri masikioni. Akamwambia Pimbi ana akili, akaanza kupakia. Gunia la kwanza, pu. La pili, pu. La tatu, pu. Lilipoingia la kumi na mbili springi zikalia nyiii na matairi yakabonyea. Kobe, ambaye ndiye mwamuzi, aliuliza kama hilo linaruhusiwa. Kiboko akamwuliza yeye anadhani atashinda nani mwingine.

Kobe akagonga sufuria, ngaa. Magari yakaondoka, vrrrr. La Pimbi likaruka tup, likazima. Watazamaji wakacheka. Akawasha, likaruka tup, likazima. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Masikio yake yaliwaka moto, alitamani ashuke akimbilie kwao kwenye mawe. Mara ya tatu akajisemea, klachi taratibu, mafuta taratibu, na likaondoka. Gia ya pili hakuipata. Akaenda na ya kwanza hiyohiyo, gari linalia ngwiii kama mbuzi aliyefungwa, na vumbi la wenzake limeshatua.

Alipofika mtoni aliwakuta wote. Pikapu ya Kiboko ilikuwa imezama mchangani katikati ya kivuko, imewazibia njia waliokuwa nyuma yake. Matairi yalizunguka, zii, zii, yakizidi kuchimba. Ilibaki nafasi nyembamba kando ya ukingo, ya kupita kigari kidogo kama chake tu. Pimbi akaiingia ile nafasi, akauona mchanga, akaogopa. Akainua mguu akanyage breki.

Kiboko alikuwa ameshashuka, amesimama pale, jasho linamtiririka. Alipouona ule mguu alisahau mashindano.

"Usikanyage breki! Mchangani hatusimami. Nyoosha usukani, mafuta taratibu, pita."

Pimbi akanyoosha usukani, akapita. Ngwiii, mpaka ng'ambo. Ngwiii, mpaka kwa Kobe. Kusimama hakuwa amekujua sawasawa, kwa hiyo gari lilisimamishwa na kichuguu.

Watazamaji wakambeba juu juu. Wakaliimba jina lake. Yeye alitazama chini. Wengine wakaenda kuivuta pikapu na magunia yake mpaka pale, na Kobe akatangaza kwamba magunia yote kumi na mawili ni ya Pimbi. Pimbi akasema kila mmoja achukue lake. Wakamsifu kupita mwanzo, naye akazidi kutazama chini.

Kisha Kiboko akaja kwa miguu, mchanga umemfika kifuani. Hakuwa amenuna. Kila aliyekutana naye alimwambia kwamba yule ni mwanafunzi wake, tena wa siku tatu tu.

"Umeona?" akamwambia Pimbi. "Ungekanyaga breki, ungebaki pale na mimi."

Pimbi alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Mwalimu, hapakuwa na nyani. Nilikudanganya ili gari lako lizame."

Kiboko akamwuliza kama alikuwa ameshapanga hayo zile siku tatu za juani. Pimbi akasema hapana, yalimjia asubuhi ileile. Akamwuliza kama aliyakumbuka pale mtoni, alipokuwa akielekezwa. Pimbi akasema ndiyo, aliyakumbuka, na akapita. Kiboko akashusha pumzi. Alisema viazi alivila peke yake miaka mitatu, hilo hawezi kulikana. Lakini kumfundisha alimfundisha kwa moyo, na mwakani atafute mwalimu mwingine. Akachukua gunia lake moja, akaenda zake bila kugeuka.

Pimbi akapakia la mama yake, akashika njia ya nyumbani. Wanyama walikuwa wamejipanga huku na huku wakimpigia makofi. Akateremka kitini taratibu, akajikunja chini ya usukani asionekane. Wakaliona gari tupu likipita, ngwiii, halina mtu ndani. Wakashangaa kidogo, kisha wakalipigia makofi gari.

Safari yangu imekwisha. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aiache hapa nimpe mwingine. Na mkiniuliza funzo lake, ni hili: msiwe na aibu, wanangu. Aibu ni mbaya sana, inamfanya dereva aendeshe bila kuiona barabara. Kuhusu kumdanganya mwalimu, mimi sijasema kitu.