Ndege Zetu za Nchi ya Chakura

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama waliokula ugali bila mboga. Tena! Na watu wazima nao wafungue vinywa, ngano hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, kale ile ambayo hata babu wa babu yako alihadithiwa tu, palikuwa na nchi ikiitwa Chakura. Iliitwa Chakura kwa sababu wenyeji wake wote walikula kwa kuchakura. Kuku walichakura. Kware walichakura. Kanga ndio usiseme. Walichakura asubuhi, wakachakura mchana, wakapumzika kidogo, wakachakura tena.

Nchi nzuri. Mchwa tele, mbegu tele. Ila juu yake alikuwako Mwewe.

Mwewe hakuwa na haraka. Alizunguka, akazunguka, akazunguka, halafu fyuuu! Kifaranga hayupo. Mama analia, na waliobaki parakacha parakacha, wamejitoma kwenye michongoma. Michongoma ile ilikuwa kichaka kikubwa katikati ya nchi, kimefungamana, miiba yake mirefu. Siku moja ilimtoboa Mwewe bawa, na tangu hapo akawa haikaribii.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Kanga. Alitotoa vifaranga kumi na mmoja. Mwewe akachukua wa kwanza, akachukua wa pili, akachukua wa tatu, akachukua wa nne. Wakabaki saba. Bi Kanga akawa kila anapochakura, jicho moja chini, jicho moja juu. Shingo ikamkakamaa. Mwili ukampungua. Alitaka kitu kimoja tu duniani, wale saba wakue.

Basi asubuhi moja Mheshimiwa Jogoo, mkuu wa nchi, akapanda juu ya kichuguu. Akawika mara tatu, ingawa jua lilikuwa limeshatoka zamani.

"Wananchi! Tumepata msaada!"

"Msaada gani?"

"Ndege za vita! Kutoka ng'ambo!"

Zilitoka kwa Korongo. Korongo mnamjua, yule wa miguu mirefu, kwao kukiwa na baridi huja kwetu, na huku kukimchosha hurudi kwao. Mwaka ule alikuja na Kozi wanne. Nasema kozi ndege, asije mtu akadhani kozi ya ushonaji. Vifua vipana, makucha ya kupinda, kofia za ngozi zimewafunika macho, kengele miguuni. Wakipiga hatua, nge! nge! nge! Chakura nzima ikashika mdomo.

Karani wa nchi alikuwa Kware. Akafungua karatasi iliyokuja na msaada, akakohoa, akasoma.

"Ndege nne za vita zimetolewa bure kwa nchi ya Chakura. Kuanzia leo ndege ni zenu."

Bi Kanga akanyoosha bawa.

"Samahani, karani. Umesoma ndege nne? Hawa si ndege wanne?"

"Imeandikwa nne, mama."

"Lakini wanapumua! Yule wa mwisho amepiga chafya sasa hivi. Mimi ndege, wewe ndege, na Mheshimiwa pale juu ndege. Kuna aliyewahi kusema Mheshimiwa ni ndege yetu?"

Mkutano ukacheka. Jogoo hakucheka. Korongo alicheka kidogo, kwa adabu, kasimama mguu mmoja.

"Mama," akasema Korongo, "ndege akishafundishwa vita, anatoka kwenye 'wa' anaingia kwenye 'za'. Anakuwa chombo. Chombo hakinuni, hakichoki, hakiulizi. Kikiambiwa nenda, kinakwenda."

"Na kikiambiwa mkamate Mwewe?"

"Kinamkamata."

Bi Kanga alikuwa na swali la pili. Anayekiambia ni nani? Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini akawatazama wale saba, wanavyosukumana kati ya miguu yake, akalimeza. Alikuwa amechoka kutazama juu. Nani asingechoka?

"Kuna jambo dogo," akasema Korongo. "Ndege hizi hazipai vichakani. Zinataka kiwanja kipana, kitupu, kilichonyooka. Nimeona pale katikati panafaa."

"Pale penye michongoma?" akauliza Bi Kanga. "Mheshimiwa, pale ndipo watoto wanapojificha!"

"Wajifiche nini tena, mama," akasema Jogoo, "na ndege zetu ziko?"

Wakang'oa. Kuku waling'oa, kware waling'oa, kanga waling'oa. Bi Kanga alichakura mizizi mpaka kucha zikatoka damu, na aliimba kuliko wenzake wote. Waliimba hivi, nanyi itikieni:

Ndege zetu! — Zetu!
Zinaruka! — Zetu!
Mwewe kwisha! — Kwisha!

Asante. Mnaitikia vizuri kama wao, na wao waliitikia siku tisa. Siku ya kumi michongoma ikawa haipo. Kiwanja kikalala pale, cheupe, kitupu, vumbi lake laini kama unga.

Siku ya sherehe Korongo akaingiza mdomo kwenye manyoya ya kifuani, akatoa filimbi ndogo. Kofia zikavuliwa. Piii! Kozi wakapaa. Wakapanda wima, wakalala kiubavu, wakapita juu ya kichuguu cha Jogoo wakamvuruga kishungi. Piii piii! Wakatua wote wanne kwa mstari. Jogoo alitoa machozi. Mwewe, aliyekuwa anatazama kutoka mti wa mbali, akakusanya vyake akahama.

Tuseme la haki. Mwezi mzima Mwewe hakuonekana. Bi Kanga akachakura macho yote mawili chini, kwa mara ya kwanza tangu atotoe. Akanenepa. Shingo ikapona. Vifaranga wakaota manyoya ya pili.

Kisha joto likapanda, na Korongo akaaga. Jogoo akamsindikiza hadi mpakani na hotuba ndefu. Wakakumbatiana. Korongo akapaa, akaenda zake, na filimbi iko kifuani mwake. Hakuna aliyeiulizia. Walikuwa wanapunga mabawa.

Mwewe akarudi kuchungulia. Siku ya kwanza akapita mbali. Kozi wametulia kiwanjani. Siku ya pili akapita karibu. Kozi wametulia. Siku ya tatu akapita juu ya vichwa vyao kabisa, akajisaidia, tapwi! Kozi mmoja akajifuta.

Mwewe akacheka mpaka akakosa pumzi.

Mchana wa siku ya nne Bi Kanga alikuwa katikati ya kiwanja na saba wake, wamepata mchwa. Akaona kivuli kinazunguka ardhini. Akakimbia, pata pata pata, mpaka kwa mkubwa wa Kozi, akamvuta kofia ikaanguka.

"Baba Kozi! Ruka! Mwewe huyo!"

"Namwona, mama."

"Sasa?"

"Filimbi iko wapi?"

"Filimbi ya nini? Nakuambia mimi, ruka!"

"Wewe si filimbi, mama."

"Karatasi imesema ninyi ni ndege zetu! Karani alisoma, wote tulisikia!"

Kozi akainamisha kichwa. Hakuwa mbaya, tusimsingizie.

"Kwenye karatasi sisi ni ndege zenu," akasema. "Lakini tumelelewa na filimbi, na kwa filimbi sisi ni ndege wake Korongo. Nami ningependa kuruka, mama. Mabawa yananiwasha. Sijui tu nianzeje bila yeye."

Jogoo akafika mbio, anahema.

"Msihangaike! Kuna utaratibu! Karani, andika barua kwa Korongo! Andika: Kwa heshima na taadhima..."

"Mheshimiwa," akauliza Kware, "taadhima ni a mbili au moja?"

"Andika mbili. Kwa heshima na taadhima, nchi ya Chakura inaomba..."

Fyuuu!

Aliyechukuliwa ni kifaranga wa mwisho, yule aliyependa kupanda mgongoni kwa mama yake.

Wakabaki sita. Wale sita wakakimbia, parakacha parakacha, kuelekea kwenye michongoma. Walijua njia hata wakifumba macho. Wakafika mahali pake, pakavu, peupe. Wakazunguka pale pale, wakazunguka, wanatafuta pa kuingilia. Bi Kanga akawaona wanavyozunguka. Akakumbuka ni kucha zake zilizong'oa ule mzizi mkubwa wa mwisho, na moyo ukampasuka.

Hakulia. Hasira ilitangulia. Akapiga yowe la kanga, na kama hujawahi kulisikia yowe la kanga, una bahati ya masikio.

"Kwechekweche! Kwechekweche! Kila mwenye miguu aje hapa! Waacheni hao wenye kofia! Njooni mchakure!"

"Tuchakure nini, mama, wakati huu?" akauliza kuku mmoja.

"Vumbi! Hujui kuchakura? Ulizaliwa wapi?"

Akajitupa juu ya sita wake, akaanza. Mguu wa kushoto, tifu! Mguu wa kulia, tifu! Mabawa, fu fu fu! Kanga wenzake wakaja, tifu tifu. Kuku wakaja, kware wakaja, tifu tifu tifu. Kile kiwanja kilichonyooka kikainuka chote. Vumbi likapanda, likawa ukuta, likawa paa. Ndani hata Bi Kanga hakuuona mdomo wake mwenyewe.

Mwewe alikuwa amerudi kwa wa pili, ameshajiachia kutoka juu. Alilenga kifaranga, akalenga vizuri, kisha kifaranga hakuwapo, nchi haikuwapo, macho yakajaa mchanga. Puu! Akajibwaga chini kwa kifua. Kabla hajajua ametua wapi, midomo mia ikamshukia. Ko! Ko! Ko! Hawakuwa na makucha ya kupinda. Walikuwa na midomo ya kupasulia mbegu ngumu, nayo ilitosha. Mwewe alitambaa mpaka ukingoni, akaruka upande upande. Mkia wote aliuacha Chakura. Ndege asiye na mkia hageuki vizuri angani, na asiyegeuka vizuri hakamati kifaranga. Akaenda kuishi kwa kula panzi.

Vumbi lilipotulia, Jogoo alikuwa mweupe kutoka kishungi hadi kidole, na Kware bado ameshika barua.

"Tuipeleke?" akauliza Kware.

"Ipeleke," akasema Jogoo kwa sauti ndogo.

Jibu lilikuja baada ya siku arobaini. Mbayuwayu alilileta, na filimbi ya kuazima ikining'inia mguuni. Jibu lilisema: Ombi lenu limekubaliwa, mzirushe mara moja tu, kisha filimbi irudishwe. Jogoo akapuliza. Piii! Kozi wakapaa kwenye anga tupu, safi, isiyo na adui hata wa dawa. Wakapanda wima, wakalala kiubavu. Walipendeza, usiseme.

"Bi Kanga!" Jogoo akaita. "Njoo uone! Tazama juu!"

Bi Kanga hakuinua kichwa. Alikuwa amewapanga sita wake mstari mmoja kiwanjani.

"Mguu wa kushoto," anawaambia. "Tifu. Wa kulia. Tifu. Wewe wa tatu, hilo si vumbi, hiyo ni hewa. Rudia."

Kifaranga wa tatu alikuwa amekodoa macho angani.

"Mama, zile ni ndege zetu?"

Bi Kanga akasimama. Akatazama juu mara moja, kidogo tu.

"Wale ni ndege tu, mwanangu. Haya, mguu wa kushoto. Piga."

Mafunzo yake nayasema wazi, asije mtu akaniuliza njiani. Ukipewa silaha, kabla hujashangilia, uliza itamsikiliza nani siku ukiwa na shida. Na ukiambiwa ung'oe kinachokulinda ili upate pa kuiweka, kataa, hata kama umechoka. Bi Kanga aliuliza swali moja akalimeza la pili, na lile la pili lilimgharimu mtoto.

Hadithi yangu imetua hapo, bila filimbi ya mtu.