Kibali cha Don Fulgencio

Enzi za meli za matanga, Mfalme wa Hispania alimtuma Don Fulgencio kwenye bandari moja ya kivita, akalinyooshe jeshi la majini kwa kanuni mpya. Kilichoandikwa kwenye daftari la ghala kisitoke bila kibali chenye sahihi yake, na vibali vyote vitiwe sahihi kwa zamu.

Baltasar, mtunza ghala, aliomba mishahara ya miezi minane ambayo haikuwa imelipwa, yake na ya mafundi wake.

"Subiri," Don alimjibu. "Na msumari mmoja ukitoka bila kibali, nitakufunga."

Siku ya ukaguzi Don aliingia ghalani na wigi lake. Baltasar akamfunulia daftari la vilivyoingia siku hiyo, naye akatia sahihi bila kusoma. Akakagua kamba na lami mpaka njaa ikamuuma. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Fungua."

"Natamani, Mheshimiwa. Lakini wewe umo daftarini, kwa sahihi yako: mkaguzi mmoja, pamoja na wigi. Nikikutoa bila kibali, itabidi Mfalme aandikiwe kwamba kanuni imevunjwa."

"Basi lete kibali nitie sahihi."

"Kwa zamu, Mheshimiwa. Mbele yako kuna hiki cha mishahara."

Don akatia sahihi huku akitweta. Baltasar akakipenyeza chini ya mlango, na mafundi wakasikika wakikimbilia kwa mhasibu. Ndipo akatoa kibali cha pili, akachovya kalamu.

"Hapa wanauliza kifaa hiki kinakwenda kufanya kazi gani," alisema. "Niandike nini, Mheshimiwa?"